Mpagazi Asiyeondoka Mahali Pake

Tumezoea kuridhika pale mwanafunzi anapokariri bila kosa: maji safi lita 1, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Lakini tukimwuliza sukari ina kazi gani, hujibu kwamba yaondoa ladha ya chumvi. Mtoto huyo, siku sukari ikikosekana nyumbani, atakoroga chumvi tupu. Au ataizidisha akidhani anaongeza dawa. Atakayeumia ni mdogo wake anayeharisha. Kwa hiyo twashikilia kwamba kipimo kifundishwe pamoja na sababu yake.

Mwalimu wa Mtendeni, mjini Tabora, ana mfano karibu. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walipeleka pembe za ndovu Bagamoyo. Utumbo mwembamba nao una wapagazi: ni protini zilizomo katika utando wa seli. Glukosi itokanayo na sukari haipenyi utando huo peke yake. Protini moja huichukua, lakini kwa sharti: kila chembe moja ya glukosi huingia pamoja na chembe mbili za sodiamu ya chumvi. Zikiisha kuingia, maji huzifuata. Robert Crane alieleza jambo hili mjini Prague mwaka 1960. Hata kipindupindu hakiifungi njia hiyo, na ndiyo maana maji haya huokoa maisha.

Hata hivyo, hapana budi tuonyeshe mahali mfano unapokoma. Mpagazi alitembea hadi pwani. Protini haitoki katika utando. Hugeuza umbo lake tu, ikafunguka upande wa nje, kisha upande wa ndani. Nguvu yake yatokana na uchache wa sodiamu ndani ya seli, kwa kuwa protini nyingine huitoa humo daima.

Zana ya somo hili haina gharama. Mwalimu achore mstari chini, aweke wanafunzi wanne juu yake, na awape mawe na maharagwe. Kila haragwe livushwe pamoja na mawe mawili. Mawe yakiisha, maharagwe yasimame. Kisha darasa lijadili.

Mchezo huohuo wafaa kwa somo la figo. Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 kwa siku, na protini za jamii hiyo hurudisha glukosi katika damu. Tukimwaga maharagwe mengi mno, wanne hao watalemewa na mengine yatabaki. Ndivyo sukari ya mgonjwa wa kisukari inavyofika katika mkojo.

Tusisahau kuwaambia watoto kwamba pakiti ya zahanati ikipatikana ndiyo itangulie, na mgonjwa apelekwe kwa mganga. Lakini usiku, zahanati ikiwa mbali, atakayekoroga maji hayo huenda akawa mwanafunzi wetu. Yafaa ajue anachokifanya.