Tahariri: Magonjwa ya jamaa, Congo isibaki nje ya utafiti wa jeni

Katika jamaa nyingi za mashariki mwa Congo, ugonjwa unaorudi-rudi hutafutiwa mwenye kosa. Babu alikufa na kisukari, shangazi akakatwa mguu, na sasa mtoto wake anaambiwa hospitalini kwamba sukari iko juu. Kikao kinaitishwa. Mmoja anataja uchawi, mwingine anataja laana, wa tatu anamwangalia kwa jicho baya mke aliyeolewa katika jamaa hiyo. Ni mara chache mtu anauliza swali rahisi kuliko yote: ugonjwa huu umepita kwa nani na nani, na kila mmoja ulimuanza akiwa na miaka mingapi?

Swali hilo lingestahili kuulizwa kwanza, kwa sababu ndilo linalofungua mlango wa kuelewa urithi.

Wakongomani wanajua vizuri urithi wa aina moja: drepanositozi, ambayo wengi wanaita SS. Mtoto akipokea jeni yenye kasoro kwa baba na kwa mama, anazaliwa mgonjwa. Ni jeni moja, ugonjwa mmoja. Lakini kisukari, shinikizo la damu ambalo wengi wanaita tansio, mafuta katika damu na hata urefu wa mtu havifuati njia hiyo. Hapo kuna maelfu ya mabadiliko madogo ndani ya ADN. Mengi yanasukuma kidogo sana, kisha chakula, kazi na maisha ya kila siku vinaongeza uzito wao.

Kwa muda mrefu watafiti walihesabu hasa mabadiliko yanayopatikana kwa watu wengi, na hesabu haikutimia. Urithi ulioonekana ndani ya jamaa ulikuwa mkubwa kuliko ule waliouona katika jeni. Sehemu ya kilichokosekana ilikuwa katika mabadiliko adimu, yale yanayobebwa na watu wachache mno. Utafiti uliotangazwa mwaka 2025, uliofanywa Uingereza kwa watu zaidi ya 347,000 wenye asili ya Ulaya na kuangalia sifa na magonjwa 34, ulionyesha kwamba mabadiliko adimu yanaeleza karibu 20% ya urithi kwa wastani, na yale ya kawaida karibu 68%.

Asilimia 20 inaweza kuonekana ndogo. Lakini kuwa adimu si kuwa dhaifu, na mfano mzuri unatoka kwa watu wenye asili ya Afrika.

Mwaka 2003, watafiti wa Ufaransa walichunguza jamaa chache ambazo kolesteroli yao ilikuwa juu sana. Walikuta badiliko katika jeni inayoitwa PCSK9. Jeni hiyo inatengeneza protini inayopunguza uwezo wa ini kusafisha kolesteroli mbaya katika damu. Kwa jamaa hizo, protini ilifanya kazi kupita kiasi. Hapo Helen Hobbs na Jonathan Cohen, wa chuo kikuu cha Dallas huko Marekani, wakauliza kinyume chake: je, kuna watu ambao jeni hiyo kwao imezimika?

Waliwapata. Karibu 2% ya Wamarekani weusi waliopimwa walibeba mabadiliko yanayoizima jeni hiyo, wakati kwa wazungu yalikuwa karibu hayaonekani. Mwaka 2006 ikatangazwa kwamba Wamarekani weusi wenye mabadiliko hayo, waliofuatiliwa miaka 15, walikuwa na kolesteroli mbaya pungufu kwa 28%, na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilikuwa imeshuka kwa 88%. Walikuwa wanaishi maisha yao ya kawaida bila kujua zawadi waliyozaliwa nayo. Mwaka 2015, dawa zinazozuia protini hiyo ziliruhusiwa Marekani na Ulaya.

Kwa hiyo, damu ya watu wenye asili ya Afrika ilisaidia kuonyesha njia ya dawa ambayo leo mgonjwa wa Bukavu au Butembo hawezi kuinunua.

Jambo hili linagusa Congo moja kwa moja. Mabadiliko adimu mengi ni mapya katika historia ya binadamu, hivyo yanabaki katika eneo au kabila yalikoanzia. Yaliyopo Kivu, Ituri au Maniema hayawezi kugunduliwa kwa kupima watu wa London. Tena Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi za jeni kuliko bara lingine lolote, kwa kuwa binadamu walianzia hapa, na waliotoka walibeba sehemu tu. Hata hivyo, utafiti mkubwa wa 2022 juu ya urefu wa mtu, uliokusanya watu milioni 5.4, wengi wao wenye asili ya Ulaya, uliweza kueleza karibu 40% ya tofauti za urefu kwa wazungu, lakini kati ya 10% na 20% kwa watu wengine.

Kuna watakaosema: inchi yenye vita, kipindupindu na njaa haina nafasi ya mambo hayo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini wataalamu wa INRB walisoma jenomu za virusi vya Ebola wakati wa mlipuko wa 2018 hadi 2020 Kivu ya Kaskazini na Ituri, katikati ya mashambulizi. Ujuzi upo. Kinachokosekana ni uamuzi wa serkali na feza za kudumu.

Na mwanzo hauhitaji mashine. Kila kituo cha afya kinaweza kuandika katika karatasi ya mgonjwa nani katika jamaa aliugua nini na katika umri gani. Vyuo vikuu vya mashariki vinaweza kufundisha vijana kazi hii. Serkali inapaswa kuweka sheria iliyo wazi: damu ya Mkongomani isitoke inchini bila ruhusa yake, na faida itakayopatikana irudi kwa walioitoa.

Jeni si hukumu. Mtoto wa mgonjwa wa kisukari anaweza asiugue kamwe, na akijua mapema anaweza kupimwa na kujilinda. Jamaa inayotafuta mchawi inapoteza muda huo, na mara nyingi inampoteza pia mama asiye na kosa. Inchi isiyotaka kujua watu wake wanarithi nini itaendelea kungoja majibu yaliyotafutwa kwa ajili ya wengine.