Mwandiko wa Kichina si Picha

Wako wasemao kwamba Mchina asomapo hutazama picha, na kwa hiyo kazi yake hufanywa na nusu ya kulia ya ubongo, ilhali msomaji wa abjadi hutumia nusu ya kushoto, makao ya lugha. Dai hili latamkika vizuri, lakini halina mizizi.

Mwaka 1979 Ovid Tzeng na wenziwe walionyesha watu alama kwa muda mfupi mno. Alama moja moja zilitambuliwa vyema zaidi upande wa kushoto wa upeo wa macho, ambao habari zake hutangulia kufika nusu ya kulia. Wadai wakashangilia. Katika uchunguzi ule ule, maneno ya alama mbili au zaidi yalielemea nusu ya kushoto! Hilo walilinyamazia, ingawa maneno mengi ya Kichina cha leo ni ya alama mbili.

Na picha iko wapi? Alama zilizo nyingi kabisa zina sehemu ya maana na sehemu ya sauti. Neno la mama, mā, huandikwa kwa mwanamke ubavuni mwa farasi, mǎ. Farasi huyo hana kwato wala mkia. Ameitwa kwa ajili ya sauti yake tu.

Mwaka 2000 Li-Hai Tan na wenziwe waliupima ubongo kwa mashine ya sumaku, wakakuta usomaji wa Kichina umeelemea kushoto. Nusu ya kulia ina fungu lake katika kutambua maumbo, wala haifai kudhulumiwa. Lakini kumwambia Mchina kwamba hasomi, hutazama tu, ni kumnyima lugha yake mwenyewe, na wauzaji wa hekima ya nusu mbili wangali wakimwambia hivyo.