Ukiniachia nyumba, niachie na funguo zake zote

Leo nina neno na ndugu zetu mlio ng'ambo, na najua wengine mtaninunia. Mnanunua kamera, vitasa vya kielektroniki na taa za kuwashwa kwa simu, mnavifunga katika nyumba zenu za Mombasa, kisha mnamwomba mtu akae humo awaangalizie. Mtu huyo mmemwachia nusu nyumba. Nusu nyingine mmeondoka nayo mfukoni, ndani ya simu. Mimi nasema anayeachiwa nyumba apewe yote pamoja na vifaa vyake, ama vifaa vizimwe mpaka mwenyewe arudi.

Siku hizi vinaitwa vifaa janja. Jina limewafaa sana! Huku kwetu mjanja ndiye yule ambaye akikusogelea pale Marikiti unashika mfuko.

Kwa wasiojua, Ndia Kuu ni "njia kuu" kwa Kimvita, ule mtaa mkongwe unaoanzia upande wa Fort Jesus ukaingia ndani ya Mji wa Kale. Nyumba nyingi hapa ni za mawe ya matumbawe na boriti, na wenyewe wengi wako Muscat, Dubai, London au Toronto. Nyumba haiuzwi kwa sababu ni ya ukoo na warithi ni wengi. Basi anabaki khalati mjane, au mpwa anayesoma, au mtu wa kulipwa.

Na hizi si nyumba za kuchezea mambo ya kutazamana. Mafundi wa pwani waliozijenga waliifikiria sana habari ya nani amwone nani. Nje kuna baraza, ya kila mpita njia. Mlangoni kuna daka, hapo mgeni anapiga hodi na anangoja. Ukikaribishwa, njia ya kuingilia inapinda, ili aliyesimama mlangoni asione uani. Lamu waliweka mpaka wikio, yale madaraja yanayovuka juu ya kichochoro, mtu wa ndani apite nyumba hii hadi ile bila kushuka njiani. Hiyo ndiyo sitara. Sisi wa kompyuta tungesema ni mfumo wa ruhusa, ila umejengwa kwa chokaa. Halafu anakuja mtu na kamera ya shilingi elfu tatu, anaigandisha juu ya mlango wa sebule, na kazi yote ya wale mafundi imekwisha.

Mwaka jana nilipigiwa simu na dada mmoja tuliyesoma pamoja, sasa yuko Uingereza. Kamera ya sebuleni kwake imekufa, picha ni nyeusi tangu Ijumaa, tafadhali nikaiangalie. Nikaenda. Khalati yake ndiye anayekaa humo, akanifungulia, akaniwekea chai na mahamri, na hakusema kitu. Nikapanda kiti kuitazama kamera. Haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa imevishwa leso, tena imefungwa fundo zuri kabisa!

"Khalati, na hii leso?"

"Mwanangu, mimi nikitoka kuoga napita hapo. Sijui anayetazama ni yeye, ama mumewe, ama wanawe wakubwa. Wameniomba niangalie nyumba, hawakuniambia nami nitaangaliwa."

Huyu mama amekaa miezi kadhaa na mtandio kichwani ndani ya nyumba, saa zote, mpaka usiku anapokwenda jikoni kunywa maji. Hakutaka kumsema mpwa wake, maana nyumba ni ya mpwa na yeye ni mhifadhiwa. Akaona leso itamsemea.

Na dada yule si mtu mbaya hata kidogo. Anaogopa wizi, na wizi upo. Tatizo nililiona nilipoomba simu ya khalati nikaifungua ile programu ya kamera. Akaunti yake imeandikwa ni ya mgeni. Mgeni huyu anaruhusiwa kuona picha za mlangoni, basi. Hawezi kuizima kamera ya chumba anacholala karibu nacho. Hawezi kujua ni nani anatazama saa hii, wala ni watu wangapi wamepewa neno la siri. Lakini yeye akifungua mlango wa mbele, kitasa kinaandika saa na dakika, na taarifa inafika Uingereza kabla hajavua viatu. Kumbukumbu zote zinaelekea upande mmoja!

Hapa nawasema wenzangu wa kazi. Programu hizi zinawajua watu watatu tu duniani: mwenye nyumba, mgeni na mwizi. Yule mtu wa nne, aliyepewa nyumba kama amana na akaitwa awajibike nayo, hayumo. Nikiandika programu ya duka nitaweka meneja, kwa sababu mwenye duka hayupo kila siku. Mbona ya nyumba haina? Nadhani ni kwa sababu waliobuni hawajawahi kukaa katika nyumba ambayo mwenyewe yuko bara jingine kwa miaka kumi, na shangazi ndiye anayejua bomba gani linavuja. Sasa kitasa kikigoma saa mbili asubuhi Mombasa, Toronto ni saa sita za usiku au saa saba. Mama wa watu amesimama kichochoroni na kikapu cha samaki, anangoja mtu aamke Canada amfungulie mlango.

Msidhani nachukia vifaa vya kisasa. Kuna kimoja kimo katika nyumba nyingi za Kenya na mimi nakivulia kofia, nacho ni mita ya umeme ya tokeni. Mwenye nyumba anaweza kununua umeme akiwa popote, au aliyemo ndani akalipia kwa M-Pesa, au hata jirani. Mita haikuulizi wewe ni nani. Unaipa tarakimu 20, inawasha. Haihitaji intaneti, kwa sababu kila kitu kimefichwa ndani ya zile tarakimu, kwa utaratibu uliobuniwa Afrika Kusini miaka ya 1990. Kila tokeni hubeba hesabu ya dakika tangu mwanzo wa 1993, na nafasi ya hesabu hiyo ni biti 24, yaani dakika 16,777,216. Zilimalizika tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana mwaka ule Kenya Power iliwataka wateja waingize tarakimu za ziada kuisasisha mita, na mita isiyosasishwa ingekataa tokeni mpya. Sasa niambieni, nani alisimama mbele ya zile mita akabonyeza tarakimu moja moja? Si bwana mwenye nyumba aliye Dubai. Ni yule aliyeachiwa nyumba, na aliweza kwa sababu mita haikumwita mgeni.

Najua jibu lenu: nyumba ni yangu, kamera ni yangu. Sawa. Lakini je, picha ni zako peke yako? Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Ring, kampuni ya kamera iliyo chini ya Amazon, ikidai kwamba mfanyakazi wake mmoja alikuwa ametazama maelfu ya video za wanawake ndani ya nyumba zao. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Februari 2024 wateja wapatao 13,000 wa Wyze walionyeshwa picha za kamera zisizo zao. Na nyuma kidogo, 2016, virusi vya Mirai viliteka kamera na ruta kwa maelfu kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani, yale ambayo wengi wenu hamkuyabadilisha tangu kuvitoa kwenye boksi. Kwa hiyo khalati hakuwa na wivu wa bure aliposema hajui ni nani anatazama. Hata mpwa wake hajui.

Upande wa sheria, Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na haikusema kila mwenye hati ya nyumba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeacha nje shughuli za mtu binafsi nyumbani kwake, na hapo ndipo wengi mnapojifichia. Mimi si wakili. Ila jueni kwamba Uingereza, Oktoba 2021, mahakama ya Oxford ilimpa ushindi mama mmoja aliyemshtaki jirani yake kwa ajili ya kamera za nyumbani. Jaji aliona hata sauti zilizokuwa zikinaswa zilikwenda mbali kupita kiasi. Vichochoro vyetu mnavijua: kamera ya mlangoni kwako inamtazama jirani wa mbele hadi ndani ya daka lake.

Kwa hiyo mkiniita kufunga vifaa hivi, masharti yangu ni haya. Kamera inakaa nje, mlangoni, imeelekezwa chini kwenye kizingiti, na sauti imezimwa. Ikivuka daka, mtafute fundi mwingine. Anayekaa ndani anapata akaunti yenye uwezo kamili, na neno la siri la ruta linaandikwa kwenye karatasi inayobaki nyumbani. Kama programu inakataa wenye nyumba wawili, tunarudisha dukani. Kila kifaa kiwe na swichi ukutani anayoifikia bila kupanda kiti. Ufunguo wa chuma unabaki mikononi mwake, na mlango wa nakshi hautobolewi kwa ajili ya kitasa, hilo silijadili.

Na siku mtu huyo akihama, mkumbuke alama ya kidole chake bado imo kwenye kitasa. Sheria hiyo ya 2019 inaihesabu miongoni mwa taarifa nyeti. Ifutwe yeye akiwa amesimama pale pale anaona, kabla hajachukua begi lake.