Mazungumzo ya Nyumbani: Je, Ng'ombe Auzwe?



Juma lililopita alinijia mzee mmoja jirani yangu, uso umemkunjamana. Nikampa kiti na chai, nikangoja aseme mwenyewe. "Ndugu yangu," akaanza, "mwanangu alimaliza kidato cha nne, na huu ni mwaka wa pili yu nyumbani. Sasa anasema ameona kazi ya kujitegemea: kuzifanya tovuti za watu zionekane upesi mtu akitafuta jambo katika Google. Kuna bwana mmoja mjini atakayemfundisha kwa majuma mawili, kisha, ati, fedha zitamiminika. Ada anayotaka ni sawasawa na bei ya ng'ombe wangu wa maziwa. Je, nimwuze?"

Kusema kweli, nilishindwa kumjibu. Lakini nina mpwa wangu afanyaye kazi hiyo hiyo kule Moshi, na Jumapili alikuwa aje kunisalimu. Nikamwomba mzee arudi siku hiyo pamoja na mwanawe. Haya niandikayo leo ni yale tuliyoyasikia, kwa maana najua nyumba zenye swali kama hili si moja.

Kwanza tulitaka kujua kazi yenyewe ni nini. Mpwa wangu akasema: "Mzee, fikiri soko kubwa lenye vibanda maelfu. Mama mmoja ana mchele mzuri, lakini kibanda chake kiko nyuma kabisa, tena hakina jina. Mgeni akiingia humwuliza mlinzi wa mlangoni, 'Mchele mzuri wauzwa wapi?' Mlinzi humtajia vibanda vichache tu. Asiyetajwa hauzi. Google ni kama mlinzi huyo. Mimi namsaidia yule mama atengeneze kibanda chake, ili mlinzi amjue na kumtaja kwa haki."

Mlinzi huyo si mtu, ni mtambo. Kampuni ya Google ilianzishwa Marekani mwaka 1998 na vijana wawili waliokuwa wakisoma Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin. Mtambo wao hufanya kazi tatu. Hupitia kurasa za intaneti, ukifuata viungo vinavyotoka ukurasa huu kwenda ule. Huweka katika kumbukumbu zake yale uliyoyasoma. Kisha mtu akiuliza, huyapanga majibu, yale yanayofaa zaidi yakitangulia. Wazo la vijana wale lilikuwa hili: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine nyingi zenye heshima huenda ni wa maana, kama vile mtu anayeshuhudiwa na wazee wengi. Siku hizi mtambo hutazama na mambo mengine mengi. Matangazo ya kulipiwa yapo pia, lakini huandikwa wazi kuwa ni matangazo. Nafasi katika majibu ya kawaida haiuzwi.

"Basi wewe hufanya nini hasa?" mzee akauliza.

Mpwa wangu akatoa mfano wa mwenye nyumba ya wageni kule Marangu, chini ya Mlima Kilimanjaro. Tovuti yake ilisema "Karibuni sana", ikaishia hapo. Haikutaja Marangu, wala bei, wala umbali kutoka lango la kupandia mlima. Picha zake zilikuwa nzito, hata simu ilichukua muda mrefu kuzifungua. Mgeni aliyeko Ujerumani akiuliza mahali pa kulala Marangu kabla ya kupanda mlima, mtambo utaijuaje nyumba hiyo? Fundi huchunguza maneno ambayo wageni hutumia wanapotafuta, humsaidia mwenyewe kuandika majibu ya kweli, hupunguza uzito wa picha, na kurekebisha yale yanayouzuia mtambo kusoma. Ni kazi ya subira, haina uchawi ndani yake.

Hapo tukafika kwenye kiini cha shauri letu. Kazi hii haina leseni ya serikali wala kiwanda cha kuonyesha, na kila mtu aweza kujiita fundi. Je, yule wa kweli hujulikanaje? Mpwa wangu alitaja alama nne.

Alama ya kwanza: haahidi nafasi ya kwanza. Google wenyewe huwaonya watu kwamba hakuna awezaye kuihakikisha, na husema kwa kawaida huchukua miezi minne hadi mwaka mmoja kabla faida haijaonekana. Aahidiye siku 30 ama hajui kazi, ama anajua na anadanganya.

Alama ya pili: ana kazi ya kuonyesha na watu wa kumshuhudia. Kuna chombo kiitwacho Search Console, ambacho Google hutoa bure. Humo mwenye tovuti huona watu walitafuta maneno gani, ukurasa wake ulionyeshwa mara ngapi, na ulifunguliwa mara ngapi. Fundi wa kweli huandika hesabu kabla ya kuanza, na tena kila mwezi, hata ikiwa imeshuka.

Alama ya tatu: hatumii hila. Wapo wanaonunua viungo, yaani ushuhuda wa uongo, na wanaojaza maneno yasiyo na maana ili kuudanganya mtambo. Hata wakubwa wameaibika. Februari 2006 Google iliiondoa katika majibu yake tovuti ya Kijerumani ya kampuni ya magari ya BMW. Iliwekewa kurasa zilizojaa maneno ya magari yaliyotumika, ili zisomwe na mtambo tu; mtu akizifungua alipelekwa penginepo. Kurasa hizo zilipoondolewa, tovuti ikarudishwa. Ikiwa kampuni kubwa namna ile ilikamatwa, kijana wetu atajificha wapi? Tena atakayeumia ni mteja aliyemwamini.

Alama ya nne: hupatana kwa maandishi na kuacha funguo za tovuti mikononi mwa mwenye mali. Asemapo mteja "naachana nawe", aweza kuondoka na kila kilicho chake.

Akaongeza kwamba fundi lazima asome siku zote, kwa maana mambo hubadilika. Mei 2024 Google ilianza huko Marekani kuweka juu ya majibu muhtasari ulioandikwa na akili bandia, na baadaye ikaueneza katika nchi nyingi. Mtu aweza kupata jibu asifungue tovuti yo yote. Fundi mwaminifu humweleza mteja jambo hilo kabla ya kupokea fedha yake.

Kisha akamgeukia kijana: "Wewe, mdogo wangu, umemfanyia nani kazi?"

"Bado sijamfanyia mtu," akajibu kwa aibu.

"Usione haya, wote tulianza hapo. Ndugu zako hawana tovuti?"

Kijana akasema shangazi yake auza asali mjini, naye ana tovuti ambayo haifunguliwi na mtu. "Basi ndiyo shule yako," akaambiwa. "Mwongozo wa wanaoanza umeandikwa na Google wenyewe, nao ni bure. Soma, tengeneza ukurasa wa shangazi, andika hesabu kwa miezi sita. Ukifaulu, yeye atakuwa shahidi wako wa kwanza. Tena zidisha Kiingereza chako, kwa maana mafunzo mengi yako katika lugha hiyo. Na yule bwana wa mjini mwombe akupe jina la mteja mmoja tu wa kumshuhudia."

Jumatatu kijana akaenda mjini, akauliza. Yule bwana akajibu kwamba wateja wake ni siri, akamhimiza alete fedha kabla ada haijapanda. Kijana akarudi nyumbani kwa miguu, akamweleza baba yake yote bila kuficha.

Ng'ombe yungali zizini. Mzee amekubali fedha ya maziwa ya siku mbili katika kila juma iwe ya kununulia bando, na shangazi ametoa ruhusa ya kutumia kompyuta yake jioni, duka likisha kufungwa.

Wazazi wenzangu, tusiwacheke watoto wetu kwa kuwa kazi zao hatuzijui. Lakini kabla hatujafungua zizi, na tuulize kama tunavyouliza kwa fundi wa nyumba: umejenga wapi, na nani amelala humo mvua ikinyesha?

Tuonane juma lijalo.