Safari ya Garimoshi ni Somo

Scotland, watu hupanda garimoshi la mvuke lililopata sifa kwa filamu za Harry Potter. Ifakara, watoto wetu huisikia honi ya TAZARA, lakini ni wangapi wajuao kwamba reli hiyo ya kilomita 1,860 ilijengwa mwaka 1970 hadi 1975 na Watanzania, Wazambia na Wachina, baadhi yao wakifia kazini? Tusiingoje filamu itufundishie.

Ndugu wanachuo, kabla ya kwenda stesheni, darasa lichore ramani ya bonde, Kidatu hadi Mlimba, na kuandaa maswali. Kidatu, njia ya milimita 1,067 hukutana na ya Kilosa ya milimita 1,000. Je, behewa litavukaje? Wakirudi, waandike. Safari isiyotayarishwa ni matembezi tu.