Kiswahili Nacho Kihesabiwe

Ni ada ya vyuo vikuu vingi kumtaka mwanafunzi wa shahada ya hisabati au sayansi ya tarakilishi asome, kando na kozi za idara yake, kozi kadhaa za taaluma zinazohusiana nayo. Nia ya sharti hili ni njema, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Hata hivyo, taaluma zinazotajwa huwa ni zile zile: fizikia, takwimu, uchumi na uhandisi. Ni nadra isimu ya Kiswahili kutajwa. Makala haya yanashikilia kwamba vyuo vikuu vya Kenya vinapaswa kuijumuisha.

Huenda msomaji akauliza: ngeli na hesabu zina udugu gani? Mnamo 1913, mwanahisabati wa Urusi, Andrei Markov, alihesabu irabu na konsonanti katika herufi 20,000 za Eugene Onegin, kazi ya kishairi ya Pushkin, ili kuonyesha jinsi tukio moja linavyotegemea lililolitangulia. Hesabu hiyo ni miongoni mwa misingi ya programu zinazokisia neno lifuatalo. Mnamo 1956, mwanaisimu Noam Chomsky alizipanga sarufi katika ngazi ambazo hadi leo hufunzwa katika darasa la isimu na katika darasa la nadharia ya tarakilishi. Hata arudhi tunayoijua sisi wanafunzi wa ushairi ina jina lililotokana na elimu iliyoasisiwa na Al-Khalil bin Ahmad katika karne ya 8, mwanachuoni yule yule aliyeipanga kamusi yake ya Kiarabu kwa kukokotoa miungano ya konsonanti inayowezekana.

Kiswahili chenyewe kinampa mwanahisabati kazi ya kutosha. Tutazame neno "hatutawasomea": ha-tu-ta-wa-som-e-a. Humo mna ukanushi, nafsi, wakati, mtendewa, mzizi, kauli ya kutendea na kiishio, vyote vikiwa katika mpangilio usiovurugwa ovyo. Programu iliyoundwa kwa kuzoea Kiingereza, ambamo dhana hizo husambazwa katika maneno mbalimbali, huona hapo neno moja geni tu. Kuifunza programu hiyo kunahitaji mtu anayejua mofolojia na ukokotozi kwa pamoja. Je, tunamwandaa wapi mtu huyo?

Wenzetu hawakungoja. Katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, Arvi Hurskainen aliunda SALAMA, mfumo wa kuchanganua Kiswahili kwa tarakilishi, na huko pia ikakusanywa hazina kubwa ya matini ya Kiswahili. Tunawashukuru. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji asiyejifunza tiba hiyo atamngoja mgeni milele.

Kwa mujibu wa Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010, Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Raia ana haki ya kutarajia kwamba mitambo ya benki, hospitali na serikali itamwelewa katika lugha hiyo. Ilhali anayeiunda mitambo hiyo aghalabu alisoma Kiswahili mara ya mwisho katika kidato cha nne, na anayekijua Kiswahili kwa kina huhitimu bila kozi hata moja ya takwimu. Wawili hawa hawana pa kukutania.

Wapo watakaosema kuwa mwanafunzi wa sayansi tayari amelemewa. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana hatupendekezi nyongeza. Tunapendekeza kozi moja ya isimu-tarakilishi ya Kiswahili, ifunzwe na idara mbili kwa pamoja, na ihesabiwe miongoni mwa zile ambazo mwanafunzi huchagua kutimiza sharti lililopo. Nasi tulio upande wa lugha tukubali kulipa deni letu: kozi ya takwimu iwe ya lazima kwa kila mwanafunzi wa isimu ya Kiswahili. Haifai kuwataka majirani wavuke ua ilhali sisi tumejifungia ndani.