Bure si Huria



Siku hizi mikutano yetu haimaliziki bila mwenzetu mmoja kusimama na kuzisifu kozi za bure za intaneti. Vitabu havitoshi, husema, basi na tuwaelekeze wanafunzi huko. Napinga. Sizipingi kozi zenyewe. Napinga uvivu wetu wa kukiita huria kila kilicho bure.

Mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitayaweka masomo yake wazi kwa ulimwengu mzima, na watu wakaruhusiwa kuyanakili na kuyatafsiri bila kuyafanyia biashara. Huo ndio uhuria. Mwaka 2011 kozi moja ya Stanford iliandikisha watu wapatao 160,000. Waliofika mwisho ni kama mmoja katika saba. Mwaka uliofuata ikazaliwa Coursera. Mwanzoni mengi yalitolewa bure. Baadaye cheti, na katika kozi nyingi hata kusahihishiwa mazoezi, vikatiwa bei. Mwenye mali ana haki ya kuuza. Lakini ajengaye katika kiwanja cha mwenzake asishangae akidaiwa kodi.

Hapa Uganda, Julai 2022, Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Nami, kwa kukosa vitabu, niliwapa wanafunzi wangu kozi moja ya bure. Kumbe ilitungwa kwa ajili ya wasemao Kiingereza! Ilipoteza masomo mengi ikieleza ngeli kama maajabu, ilhali mtoto wa Kiganda asemaye *omuntu* na *abantu* hahitaji kushangazwa na mtu na watu. Lakini mtoto huyohuyo huandika "habali" badala ya habari, na "kirima" badala ya kilima, kwa kuwa katika Luganda *l* na *r* hufuata irabu iliyotangulia. Juu ya hilo kozi haikusema neno. Nikataka kurekebisha somo moja tu, masharti yakanikataza. Ilikuwa bure, wala haikuwa huria.

Mtasema: mwalimu hana wakati, na data ni ghali. Ni kweli. Lakini tazameni African Storybook, iliyozinduliwa mwaka 2014: hadithi za watoto katika Kiswahili, Luganda na lugha nyingine nyingi za Afrika, ambazo kila mtu ana ruhusa kuzichapa, kuzitafsiri na kuzigeuza. Sehemu yake kubwa ni kazi ya watu kama sisi.

Basi kila mmoja wetu na aandike somo moja kila muhula, kwa makosa anayoyaona katika madaftari ya darasa lake, na kulitoa kwa idhini ya wazi ili mwenzake alisahihishe. Tusipofanya hivyo, tusimlaumu mgeni kwa kutotujua. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.